Uzi: Tatizo la Japani sio wazee kuwa wengi, ni mkaza mwana aliyeondoka

#1 (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kila mada ya Japani humu inaishia palepale, Wajapani hawazai, Japani inaisha, basi watuite sisi tukawajazie nchi. Mi nasoma huku, mkoa wa kaskazini kwenye theluji, na mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kupiga kazi masaa 28 kwa wiki, yangu nayapigia kwenye kituo cha wazee, vile vya kushinda mchana halafu jioni wanarudishwa kwao. Kwa hiyo ntaandika ya kuona na ya kusoma kwa pamoja, mwenye kupinga apinge tu.

Namba zipite haraka. Japani ilifika kileleni 2008, watu kama milioni 128, toka hapo inashuka. 2024 walizaliwa watoto wa Kijapani kama 686,000 na wakafa watu zaidi ya milioni 1.6, yaani pengo la laki 9 na ushee kwa mwaka mmoja. Waliofikisha 65 ni zaidi ya milioni 36, karibu watu 3 katika kila 10, na mmoja katika kila 10 kashapita 80. Wenye miaka 100 kwenda juu mwaka 1963 walikuwa 153 nchi nzima, 2024 wakafika 95,119, na karibu 9 katika kila 10 ni wanawake. Serikali ilikuwa inampa kila anayetimiza 100 kikombe cha fedha, wakawa wengi mpaka kuanzia 2016 wanapewa cha kupakwa fedha kwa juu. Sio kitu cha kucheka lakini nilicheka.

Sasa hoja yangu. Watu wanaongea kana kwamba wazee hawa wameibuka juzi. Hapana. Baada ya vita, 1947 mpaka 1949, walizaliwa watoto kama milioni 8 ndani ya miaka 3 tu, na yeyote serikalini mwenye kalamu alikuwa na uwezo wa kujua kwamba ikifika 2025 wote hao watakuwa wamegonga 75. Hesabu ya darasa la nne hiyo. Kilichowapiga ni kwamba mpango mzima wa kutunza wazee ulikuwa umekaa juu ya mtu mmoja asiyelipwa na asiyehesabiwa popote, naye ni mke wa mtoto wa kiume wa kwanza. Huyo mkaza mwana kaondoka, na nchi yenye treni za ajabu na hela zote zile mpaka leo inatafuta wa kukaa kwenye nafasi yake haimpati.

Utaratibu wa zamani ulikuwa hivi: mtoto wa kwanza anabaki nyumbani na mkewe, wadogo zake wanaenda mjini. Mke ndo anampikia mama mkwe, anamuogesha, akianza kujisaidia kitandani yeye ndo anafua, miaka 5, miaka 10, na mzee akifa urithi unaenda kwa watoto wa damu, yeye hapati kitu kwa sababu kisheria sio mrithi. Mpaka Julai 2019 ndo sheria ikabadilika kidogo mkaza mwana aliyemtunza mkwe akaruhusiwa kudai fedha kwa warithi. 2019 wakuu! Wakati huo mabinti walikuwa wameshajibu kwa vitendo muda mrefu, hawaolewi na mtoto wa kwanza wa kijijini, au hawaolewi kabisa. Mwaka 1980 karibu nusu ya nyumba zenye mzee zilikuwa na vizazi vitatu chini ya paa moja, siku hizi hazifiki hata nyumba 1 kati ya 10. Zilizobaki ni mzee na mzee mwenzie, au mzee peke yake.

Na wale milioni 8 ndo walioanza kuuvunja huo utaratibu bila kujua. Wengi wao wakiwa na miaka 15 wamemaliza shule ya kati tu walipakiwa kwenye treni maalumu za ajira toka huku kaskazini kushukia stesheni ya Ueno, Tokyo, viwanda vinawagombania vinawaita mayai ya dhahabu. Walijenga nchi kweli. Wakapangishwa kwenye maghorofa ya serikali pembezoni mwa jiji, vyumba viwili na jiko, vilipimwa kwa baba, mama na watoto wawili, hakuna chumba cha bibi. Leo mayai ya dhahabu wana miaka 75 na kitu, wako kwenye maghorofa yaleyale, ghorofa ya nne, mengi hayana lifti.

Nyama nyingine naileta, naenda kula kwanza.

#2

Nimeshavuta kiti mkuu, tiririka

#3

Mada nzuri ila hapo kwenye mkaza mwana umenigusa, mi ndo huyo mkaza mwana mwenyewe hapa nilipo, mama mkwe kapooza upande mwaka wa pili huu na wifi zangu wanapiga simu kuuliza anaendeleaje. Endelea kaka nasoma mpaka mwisho.

#4 (mleta mada)

Dada #3 pole sana, Mungu akutie nguvu. Na wifi wa aina hiyo wapo Japani pia, wakija kusalimia wanakagua kama mama kakonda.

Haya. Serikali ilijaribu nini. Mwaka 1973 enzi za waziri mkuu Tanaka walifanya matibabu bure kwa waliofikisha 70. Kitu kizuri, ila kilichofuata ni kwamba familia zilizochoka zikawa zinampeleka mzee hospitali na kumwacha hukohuko, hana ugonjwa wa kumlaza ila nyumbani hakuna mtu, hospitali nazo zinalipwa kwa kila kitanda zikanyamaza kimya. Bure ikafutwa miaka kumi baadae lakini tabia ikabaki.

Aprili 2000 ndo wakaja na bima ya matunzo. Kila mtu akifika 40 anakatwa, lazima, nusu ya mfuko inatoka kwenye michango na nusu kwenye kodi. Ukizeeka ukahitaji msaada unaomba halmashauri, anakuja mtu nyumbani na fomu ya vipengele 74, unaweza kunyanyuka mwenyewe, unavaa suruali mwenyewe, huu ni msimu gani, halafu unapangiwa daraja, yapo 7. Mzee mwenyewe analipa asilimia 10 ya gharama, mwenye kipato analipa 20 au 30. Kichekesho ni kwamba siku mkaguzi anapokuja wazee wanajikaza balaa. Bibi ambaye jana kasahau kama kala, leo kakaa wima kapaka na poda, anajibu maswali yote, anamkaribisha mgeni chai. Mkaguzi akiondoka daraja linatoka la chini na binti yake analia jikoni.

Mimi naona ile bima ni moja ya vitu vya maana kabisa walivyofanya hawa watu, nasema wazi. Ukitaka kujua njoo asubuhi pale ninapofanya. Saa mbili na nusu gari dogo lenye lifti ya kunyanyua wilchea linazunguka nyumba kwa nyumba, wakifika wanapimwa presha na joto, chai, halafu kuoga. Kuoga ndo kila kitu, watu wa nje hawajui hili. Mjapani haogi kwa ndoo, anakaa kwenye beseni la maji ya moto mpaka shingoni, na beseni la nyumbani lina ukuta mrefu, goti la miaka 85 halivuki, na wakati wa baridi kuna wazee wengi wanazimia humohumo kwa sababu chumba cha kubadilishia nguo kina baridi kali na maji ni moto, presha inaruka. Kwa hiyo wengi wanakuja kituoni kwa ajili ya lile bafu. Kuna kiti kinachomshusha mzee ndani ya maji taratibu, akizama mpaka mabega anafumba macho anatoa ile pumzi, haongei na wewe usimuongeleshe.

Mchana chakula kimoja kinatoka sura tatu, cha kawaida, cha kukatwakatwa, na cha kusagwa kabisa kikawa kama uji, na chai inatiwa unga wa kuifanya nzito maana chai nyepesi inampalia mzee inaingia kwenye mapafu, nimonia hiyo, na nimonia ya kupaliwa inaua sana wazee huku. Jioni wanarudishwa. Binti au mkwe kapata masaa saba ya kwenda kazini au kulala. Hiyo ndo bima ilichonunua, masaa.

Shida sasa. Bei ya kila huduma inapangwa na serikali, inapitiwa kila baada ya miaka 3, kituo hakiwezi kupandisha bei kikapandisha mishahara. Mchango wa mwezi kwa mwenye 65 na zaidi ulianza kama yeni 2,900 kwa wastani, kwa 2024 mpaka 2026 ni 6,225, huwezi kukamua zaidi mtu ambaye pensheni yake ya msingi, hata akiwa kalipia miaka yote 40, ilikuwa kama yeni 68,000 kwa mwezi mwaka 2024. Kwa hiyo mfuko umebanwa juu na chini na anayeumia katikati ni mfanyakazi. Kwetu hapa kila mwezi kuna tangazo la kazi ukutani, linakaa mpaka karatasi inageuka njano. Wizara yao yenyewe imekadiria mpaka 2040 watahitaji wahudumu kama laki 5 na 70 elfu zaidi ya waliopo. Wanaoenda kuhudumia majumbani wengi wamepita 50 na 60, yaani bibi wa 68 anaendesha gari kwenye theluji kwenda kumbadilisha pampasi bibi wa 90. Na 2024 serikali ikapunguza malipo ya msingi ya hiyo huduma ya majumbani! Kampuni nyingi ndogo zimefunga.

Na majumbani kwenyewe ndo usiseme. Utafiti wa wizara wa 2022 ulikuta kwenye nyumba ambazo mtunzaji na mtunzwa wanaishi pamoja, asilimia 63.5 wote wawili wana miaka 65 au zaidi.

#5

Mkuu mbona unazunguka, suala ni dogo tu. Wazungu na Wajapani wametupa wazee wao. Sisi Waafrika mzee ni baraka, hatuwezi kufika huko. Familia kwanza.

#6

#5 umemsoma dada #3 hapo juu au umeruka? Familia kwanza halafu anayefua mashuka ni mmoja.

#7 (mleta mada)

Sijasema wametupa wazee. Kuna watu kama laki moja kila mwaka huku wanaacha kazi zao ili wamtunze mzazi, wengine wana miaka 50 na cheo, na wakitoka hawarudi tena kwenye ajira ya maana. Na wanaume ni wengi siku hizi, karibu theluthi ya wanaotunza mtu nyumbani. Mzee wa jirani yangu anamtunza mkewe anayesahau, kajifunza kupika na umri huo, kabla ya hapo hakuwa anajua hata sukari inakaa wapi.

Ila ni kweli wapo wanaokufa peke yao. Polisi walihesabu 2024 watu 76,020 waliokutwa wamefia nyumbani wakiwa wanaishi wenyewe, na 58,044 kati yao walikuwa na 65 au zaidi. Wapo wanaopatikana siku hiyohiyo au kesho yake, wengine baada ya mwezi. Kuna mtaa mmoja wa maghorofa, Tokiwadaira, upo Matsudo mkoa wa Chiba, pale mtu alikutwa kafa toka miaka 3, hakuna aliyejua kwa sababu kodi na umeme vilikuwa vinakatwa benki vyenyewe, siku akiba ilipoisha ndo watu wakaja kugonga. Baada ya hapo wenyewe wakaazi wakaanza kampeni, simu ya dharura, kijiwe cha kahawa cha kukutana, wakatangaza lengo la vifo vya upweke sifuri. Hawakusubiri serikali.

Na kuna vitu vidogovidogo ambavyo mimi navipenda kuliko maroboti. Wale akina mama wa kusambaza Yakult, maziwa ya vichupa vidogo, wanapita kwa wazee wanaoishi peke yao na kuwajulia hali, utaratibu wa toka miaka ya 1970. Kampuni ya Zojirushi mwaka 2001 ilileta birika la umeme ambalo mzee akichemsha chai linatuma ujumbe kwa mtoto wake aliye mbali, asubuhi mtoto hajapata ujumbe anapiga simu. Huku kwetu kuna ubao wa matangazo ya mtaa, unapita nyumba hadi nyumba, kila mmoja anasoma anagonga muhuri anampelekea wa pili. Ukikwama kwa mtu siku mbili basi mtu anaenda kumchungulia. Na kuna vipaza sauti vya mtaa, vinatangaza bibi wa miaka 83 katoka nyumbani saa nne, kavaa sweta la zambarau na kandambili, atakayemuona apige simu. Mji wa Omuta, Fukuoka, walikuwa wachimba makaa ya mawe, wanafanya mpaka mazoezi, mtu anajifanya mzee aliyepotea anazunguka mtaani na watu wanajifunza namna ya kumuongelesha bila kumtisha. Tusicheke, mwaka 2023 polisi walipokea taarifa za watu 19,039 wenye ugonjwa wa kusahau waliopotea.

#8

Mkuu tuache ya mabirika, tuongee fursa. Si Japani walitupa mji mzima Watanzania mwaka juzi sijui mwaka jana, mji wa Nagai. Imeishia wapi?

#9

Hahaaa #8 mi nilishaanza kumtafutia bimdashi koti la baridi

#10 (mleta mada)

Nilijua itafika hapa. Hakuna mji uliotolewa. Agosti 2025 kwenye TICAD, ule mkutano wa Japani na Afrika, Yokohama, shirika lao la misaada JICA lilitangaza mpango wa undugu, miji minne ya Japani ikaunganishwa na nchi nne za Afrika, Nagai ya mkoa wa Yamagata na Tanzania, Kisarazu na Nigeria, Sanjo na Ghana, Imabari na Msumbiji. Nagai ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa mwenyeji wetu wakati wa Olimpiki ya Tokyo, basi. Mambo ya kubadilishana wageni na mafunzo. Nyumbani magazeti na mitandao ikaandika kama vile tumekabidhiwa funguo, Nigeria nao wakatangaza viza maalumu ambayo haipo, Wajapani wakasoma hizo habari wakapandwa na hasira, simu zikamiminika kwenye ofisi za hiyo miji, na Septemba JICA wakaufuta mpango wote.

Sasa mkitaka kuelewa wazee wa Japani elewa hiyo stori. Nagai ni mji mdogo wa watu kama 25,000, unapungua kila mwaka, theluji inafika kiunoni, na kuna wazee wanapanda wenyewe juu ya paa na beleshi kuisukuma maana isipotolewa nyumba inalalia upande, na kila msimu wa baridi huko mikoa ya theluji kuna wanaoanguka na kufa. Kijana wa kupanda hayupo. Lakini habari tu kwamba wageni wanaweza kuja ikatosha kuzua vurugu nchi nzima. Na wengi wa waliopiga simu sidhani hata kama ni watu wa Nagai, ni mtu kakaa Tokyo na simu yake. Mwenye paa hakuulizwa.

Kimyakimya milango wanaifungua lakini kwa kipimo. Wahudumu wa wazee toka Indonesia walianza kuja 2008, Ufilipino 2009, Vietnam 2014, halafu Aprili 2019 wakaleta viza ya ujuzi maalumu na matunzo ya wazee yamo. Wageni wanaofanya kazi Japani nzima walifika milioni 2.3 Oktoba 2024. Pale kwetu kuna Waindonesia na binti mmoja wa Kivietinamu ambaye wazee wanamgombania, hata yule bibi ambaye siku ya kwanza alikataa kuguswa na mgeni. Mi mwenyewe alinikataa. Sasa hivi asiponiona anauliza yule mrefu yuko wapi.

Ila hiyo nayo ina mwisho. Indonesia na Vietnam na wao wanazeeka, yeni imeshuka, Taiwani na Korea wanatafuta wahudumu haohao. Kile Japani ilichokuwa inachukua bure kwa mkaza mwana sasa inataka kukinunua kwa bei ya chini kwa mkaza mwana wa watu wengine. Maana huyo binti wa Kivietinamu ana mama mkwe kwao, nimemuuliza anatunzwa na nani, kasema na mke wa shemeji yake.

#11

Mimi nipo Marekani, kazi ni hizihizi za nyumba za wazee, Wakenya na Watanzania tumejaa. Unayoyasema ya mgeni kukataliwa siku ya kwanza ni sawa kabisa na huku. Tofauti huku mtu akikosa bima akiba yake inaliwa yote kwanza. Hayo mambo ya bima ya 40 ni mazuri. Maroboti je? Naona video kila siku roboti linambeba bibi.

#12 (mleta mada)

Video ni video mkuu. Kuna yule roboti wa sura ya sili, Paro, wazee wengine wanampenda kweli wanamkumbatia, na kuna vifaa vya kunyanyulia vinasaidia mgongo. Lakini roboti lazima mtu alilete, alisafishe, alichaji, amfunge mzee vizuri, alirudishe stoo. Pale kwetu kuna mashine moja ya kunyanyulia imefunikwa kitambaa, tunawekea mataulo juu. Kinachosaidia zaidi ni vihisi vya kitandani vya usiku kwenye nyumba za kulala, mhudumu mmoja ana wazee ishirini anaona kwenye skrini nani kaamka anataka kutoka.

#13

Swali la mwisho kaka, na wao si wanahamasishwa kuzaa, nasikia serikali inatoa hela kwa kila mtoto?

#14 (mleta mada)

Inatoa toka zamani na inaongeza. Walishtuka mwaka 1990 takwimu za 1989 zilipotoka, mwanamke mmoja watoto 1.57, 2024 ilikuwa 1.15. Wameunda mpaka wakala wa watoto na familia 2023, serikali ya mkoa wa Tokyo imetoa programu ya simu ya kutafutia wachumba. Lakini hata wakizaa kuanzia leo usiku, huyo mtoto mpaka aje kumshika bibi mkono ni miaka 20, na wale milioni 8 wanaingia 85 kuanzia 2032. Halafu ukimuuliza dada wa Kijapani wa miaka 30 kwa nini haolewi hakwambii hela peke yake, anakwambia nikiolewa na huyu nakuwa na wazee wanne, wa kwangu wawili na wa kwake wawili, na yeye anarudi kazini saa nne usiku.

#15

Mkuu tupe utaratibu wa hiyo viza ya 2019, umri na lugha

#16 (mleta mada)

Uwe na 18 kwenda juu. Kijapani kiwango cha N4 (cha pili toka chini) au mtihani wa Kijapani cha msingi, JFT, halafu mtihani wa ujuzi wa matunzo na mwingine wa Kijapani cha matunzo, mitatu jumla. Anza na lugha. Na usimpe hela mtu anayekwambia ana nafasi za Nagai.

#3

Kaka lile birika linauzwa huku?

#17 (mleta mada)

Hapana dada, ni huduma ya kulipia kwa mwezi na inatumia mtandao wa huku. Ila wewe si upo nae ndani, hilo birika wanunuliwe wifi zako.